Nafeli uhandisi. Je, nihamie fizikia?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, uhandisi mitambo. Sekondari nilikuwa nashindania nafasi ya kwanza darasani kwenye fizikia na hisabati, na hakuna aliyeshangaa nilipochaguliwa kozi hii. Chuo kimenigeuza mtu mwingine. Mwaka wa kwanza nilivuka kwa kuchechemea. Muhula uliopita nimepata sapu mbili (mitihani ya marudio), dainamiki na hisabati ya uhandisi, na themodainamiki nimeponea kwenye tundu la sindano.

Kinachoniuma ni kwamba mimi si mvivu. Sikosi kipindi. Mhadhiri akikokotoa ubaoni namfuata hatua kwa hatua na naelewa kila kitu. Tuna kundi la diskasheni la watu watano, tuna madesa yenye majibu ya mitihani ya miaka mingi ya nyuma, na nayapitia mpaka nayajua kwa moyo. Nikiingia kwenye chumba cha mtihani, sioni pa kuanzia.

Nikupe mfano mmoja. Kwenye semina tulifanya swali la kasha linalovutwa kwa kamba iliyoinuka kwa pembe fulani. Kwenye mtihani likaja kasha linalosukumwa kwa mpini ulioinamia chini, pembe ileile. Nikasema hili nalijua, nikaandika kanuni zilezile, nikawa wa kwanza kufungua ukurasa unaofuata. Nimepata alama 2 kati ya 15.

Sasa nafikiria kuhamia idara ya fizikia. Fizikia ndiyo niliyoipenda tangu nikiwa mdogo. Nikitazama video za mashimo meusi na kwanta sioni saa zinavyokwenda. Huku uhandisi tunapewa jedwali na kanuni, tunaambiwa "tumia hii", na hakuna anayesema imetoka wapi. Nahisi mimi ni mtu wa "kwa nini" niliyewekwa kwenye nyumba ya "vipi". Rafiki yangu aliye fizikia anasema kwao darasa ni dogo na wahadhiri wanaeleza vizuri.

Baba naye ameshatangazia ukoo mzima kwamba anasomesha injinia. Kuhusu sapu hajui. Fomu za kuhama zinapokelewa mwezi huu. Nifanyeje?

Wako,
Injinia wa Mashaka

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana najua umeruka mistari kulitafuta: fomu hiyo usiijaze muhula huu. Sisemi usihame kabisa. Barua yako ina matatizo mawili uliyoyafunga kwenye furushi moja, na la kwanza utakwenda nalo idara yoyote utakayohamia.

Umeandika kwamba mhadhiri akikokotoa ubaoni unaelewa kila kitu. Nakuamini kabisa, na hapo ndipo penye mtego. Kufuata hatua ambazo mtu mwingine amezichagua ni kazi moja. Kuchagua hatua ya kwanza mwenyewe ni kazi nyingine, na mtihani unapima hiyo ya pili. Wewe umeifanyia mazoezi ya kutosha ile ya kwanza. Ya pili hujaigusa.

Tulichukue kasha lako, tulitie namba zangu. Tungamo lake ni kilo 20, kizigeu cha msuguano kati yake na sakafu ni 0.3, kamba inavuta kwa kani ya nyutoni 80 ikiwa imeinuka nyuzi 30 juu ya mlalo. Aliyekariri kwamba "kani ya sakafu ni tungamo mara g" ataandika 20 mara 9.8 (g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka), yaani 196, atapata msuguano wa 58.8, na mwisho atatoka na mchapuko wa kama mita 0.5 kwa sekunde mraba. Amekosea. Kamba inavuta kwa juu, na sehemu ya wima ya kani yake, nyutoni 40, inaipunguzia sakafu mzigo. Sakafu inasukuma kasha kwa nyutoni 156 tu, msuguano unashuka hadi 46.8, sehemu ya mlalo ya kamba ni 69.3, na mchapuko unakuwa kama 1.1. Zaidi ya mara mbili ya ule wa kukariri.

Hilo mlilifanya semina na nadhani mlilipata. Sasa sukuma kwa mpini: nyutoni 80 zilezile, nyuzi 30 zilezile, ila kuelekea chini. Zile 40 za wima zinaongeza mzigo badala ya kuupunguza, hivyo sakafu inarudisha 236. Msuguano unaweza kufika 70.8. Wewe kwa mlalo unasukuma kwa 69.3. Kasha halisogei hata kidogo! Ukiandika milinganyo ya kasha linalokwenda, utapata mchapuko hasi, yaani kasha linamrudia anayelisukuma, jambo ambalo halijawahi kumtokea mtu yeyote. Mtahini anayetunga swali hili anataka kuona kama utashtuka.

Kanuni za Newton ni zilezile katika maswali yote mawili. Kilichobadilika ni mchoro, nawe hukuchora. Nasema hivyo kwa sababu aliyechora asingeweza kufungua ukurasa unaofuata haraka kiasi hicho. Mchoro wa kani una masharti machache yasiyo na huruma. Kitenge kitu chako na dunia yote, kichore peke yake, kisha weka mshale kwa kila kinachokigusa, na mmoja wa uzito. Kila mshale uwe na mwenyewe: ni nani anayesukuma hapa? Mshale usio na mwenyewe unafutwa. Jaribu kwa mpira uliorushwa juu, ukiwa bado unapanda, baada ya kutoka mkononi. Ukiacha upinzani wa hewa, una mshale mmoja tu, wa kuelekea chini. Wengi huongeza mshale wa juu wanaouita "kani ya kurusha". Mwenyewe nani? Mkono umeshaachana na mpira.

Usidhani ni ugonjwa wa chuo chako au wa watu waliosoma kama wewe. Tangu miaka ya 1980, David Hestenes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State walitunga mitihani ya maswali ya namna hii, yasiyohitaji hesabu, na ule unaojulikana zaidi waliuchapisha mwaka 1992. Eric Mazur, profesa wa fizikia Harvard, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa aina hiyo akidhani watauona mwepesi mno. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: nijibu kama ulivyotufundisha, au kama mimi mwenyewe ninavyofikiri? Wanafunzi wale walikuwa wanakokotoa maswali marefu ya vitabuni bila shida. Mazur akaacha mihadhara ya mtindo wa zamani, akaanza kuwauliza darasani na kuwaacha wabishane wao kwa wao.

Na kuna jambo lingine linalokuhusu moja kwa moja. Mwaka 2019 watafiti wa hukohuko Harvard walichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa fizikia ya utangulizi waliosikiliza mhadhara ulioandaliwa vizuri na wale walioachwa wahangaike na maswali kwa vikundi. Waliohangaika walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio. Walipoulizwa, wao ndio waliohisi wamejifunza kidogo. Kwa hiyo ile raha unayoipata ubaoni isikuaminishe sana, na ule uchungu wa kukaa na swali bila kuona njia usiuchukulie kuwa dalili kwamba kozi hii si yako.

Madesa yako usiyachome, ila yabadilishie kazi. Chukua swali, lifiche jibu, jipe dakika 20 au zaidi. Chora kwanza. Kokotoa kwa herufi mpaka mwisho, namba ziingie dakika ya mwisho. Wanaoingiza namba mapema hupoteza uwezo wa kuona kosa. Ukipata jibu la herufi, lihoji. Vizio vinalingana? Pembe ikiwa sifuri, je, kani ya sakafu inarudi kuwa tungamo mara g? Nyuzi 90 je? Kwa kasha letu, kama jibu lako halibadiliki unapogeuza alama ya pembe kutoka juu kwenda chini, kuna mshale umeusahau. Wahandisi na wanafizikia wazuri hufanya ukaguzi huu karibu bila kufikiri, na sijui kwa nini hatuufundishi waziwazi. Ndipo ufungue desa, uone ulipotofautiana nalo. Kesho yake lifanye tena swali lilelile kwenye karatasi tupu.

Ile diskasheni yenu ya watu watano ninaitilia shaka. Kama mnakaa kuizunguka karatasi moja yenye majibu na mmoja anasoma wengine wakiitikia, huo ni usomaji wa pamoja. Kubalianeni kwamba hakuna anayekuja bila jaribio lake, hata liwe limekwama mstari wa pili. Mmoja aende ubaoni, wengine kazi yao iwe kumuuliza kila mshale ni wa nani. Siku mbili tatu za kwanza mtaona mnakwenda polepole na mtatamani kurudia mtindo wenu. Msirudi.

Sapu ya hisabati ndiyo inayonitisha kuliko ya dainamiki. Tungamo lililofungwa kwenye springi na kizuia mtetemo linatawaliwa na mlinganyo mmoja wa difarenshali wa daraja la pili. Saketi yenye koili, kipinga na kapasita inatawaliwa na mlinganyo huohuo, herufi tu ndizo zimebadilishwa: koili imekaa pa tungamo, kipinga pa kizuia mtetemo, kapasita pa springi. Utaukuta kwenye mitetemo, kwenye umeme, kwenye kontroli. Ukiujua mara moja umelipia masomo matatu. Usipoujua, kila muhula utakuja na jina jipya nawe utadhani ni adui mpya. Kama muda hautoshi kwa sapu zote mbili kwa usawa, ipe hisabati saa nyingi zaidi.

Sasa nije kwenye fizikia. Kwanta ya video ni dakika kumi za picha nzuri zilizofichwa hesabu. Kwanta ya darasani ni aljebra ya matriki, thamani za eigen, namba changamano na mlinganyo wa Schrödinger unaokokotolewa kwa mkono hadi vidole viume. Kabla ya hapo kuna mekaniki ya Lagrange, ambapo kasha lako litarudi likiwa limevaa kalkulasi nzito zaidi, na sumakuumeme yenye milinganyo ya Maxwell kwa vekta. Mwanafunzi anayekimbia sapu ya hisabati ya uhandisi akaenda fizikia amekimbilia kwenye hisabati nyingi zaidi. Rafiki yako hakudanganya kuhusu darasa dogo, ila darasa dogo halipunguzi hesabu.

Hilo la "kwa nini" na "vipi" nalo halijakaa sawa. Mwezi Juni mwaka 2000 daraja jipya la waenda kwa miguu lilifunguliwa juu ya mto Thames, London. Watu walipojaa, likaanza kuyumba upande hadi upande, likafungwa ndani ya siku mbili. Mwanafizikia ana swali lake hapo: imekuwaje watu wasiofahamiana wakajikuta wanachochea mtikisiko mmoja? Daraja likiyumba kidogo, mtembeaji hurekebisha hatua asianguke, na marekebisho hayo yanaweza kulisukuma zaidi. Mhandisi naye ana lake: niweke vizuia mtetemo vya aina gani, wapi, vingapi, ili lifunguliwe tena na lisiyumbe likijaa watu? Lilifunguliwa mwaka 2002. Mhandisi asingeweza kujibu swali lake bila kulijibu kwanza lile la mwanafizikia. Uhandisi una "kwa nini" tele, na baada ya kujibu haukuruhusu kuondoka; inabidi ujenge.

Kuhusu jedwali, nikutetee kidogo na nikupinge kidogo. Jedwali la mvuke la themodainamiki limetokana na vipimo vya maabara vilivyounganishwa na nadharia. Hakuna mtu anayeweza kulitoa kichwani, awe mhandisi au mwanafizikia, hivyo usidhani mhadhiri anakuficha kitu. Lakini kanuni ya kupinda kwa boriti, kwa mfano, mkipewa tupu ni dhuluma. Inatoka kwenye sheria ya Hooke (kani huongezeka sawia na mnyumbuko) na wazo moja la ziada: kwamba ukilikata boriti kwa mawazo, sehemu bapa ya mkato inabaki bapa hata boriti likipinda. Ukianzia hapo, ukurasa mmoja unatosha kuifikia. Mhadhiri asipoufanya darasani, nenda ofisini kwake saa za wanafunzi ukiwa na jaribio lako mkononi. Wahadhiri wengi hulalamika kwamba saa hizo hawaoni mtu mpaka wiki ya mtihani. Ukienda na karatasi tupu utapewa dakika mbili. Ukienda na mstari uliokwamia utapewa kiti.

Jipe basi muhula huu na ujao. Soma kwa namna hiyo, futa sapu, kisha uangalie ni kazi gani za nyumbani unazoanza bila kulazimishwa. Kama ni zile za kutoa kanuni kutoka mwanzo, na mradi wa kubuni mashine unakuchosha hata pale unapoufanya vizuri, fizikia inakuita kweli, na utahama ukiwa umesimama. Hata idara itakayokupokea itataka kuona matokeo ya hisabati kabla ya kitu kingine. Kuuliza si kuhama, kwa hiyo mwezi huu nenda kamuulize mratibu wa fizikia ni kozi zipi ulizokwisha kufaulu zitahesabiwa, utaingia mwaka wa ngapi, na fomu zitapokelewa tena lini.

Kuna jambo la kazi ambalo wanaohama hulisahau. Katika nchi nyingi, kusajiliwa kuwa mhandisi kunahitaji shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa na chombo cha taaluma, na mkataba wa Washington Accord wa mwaka 1989 umejengwa juu ya nchi kutambuliana shahada za namna hiyo. Shahada ya fizikia peke yake kwa kawaida haifungui mlango huo, itakubidi uzunguke. Kwa upande wa pili, anayemaliza uhandisi akiwa na hisabati imara hupokelewa kwenye fizikia ya juu mara kwa mara. Paul Dirac alichukua shahada ya uhandisi umeme Bristol mwaka 1921, ndipo akasoma hisabati, na mwaka 1933 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Baadaye alisema mafunzo ya uhandisi yalimfundisha kuvumilia makadirio. John Bardeen naye alianzia uhandisi umeme. Ndiye mtu pekee aliyepata Nobel ya fizikia mara mbili, 1956 na 1972. Sikutajii hawa ili ujione Dirac. Ninachotaka uone ni kwamba njia ya kutoka uhandisi kwenda fizikia inabaki wazi baada ya shahada, wakati ile ya kurudi ni nyembamba.

Na baba. Umemficha sapu, kisha unataka apokee habari ya kuhama. Hiyo ni mizigo miwili kwa siku moja. Mpe wa kwanza sasa hivi, kwa ufupi: nimeanguka masomo mawili, nayarudia tarehe fulani, najiandaa hivi. La fizikia liache mpaka uwe na majibu ya mratibu na matokeo mkononi, maana leo hata wewe mwenyewe ungeshindwa kumjibu akikuuliza "ukishahama utakuwa nani". Ukoo alioutangazia ni shughuli yake, si yako. Ila zungumza naye kabla majina ya wanaorudia mitihani hayajabandikwa.